Mapitio ya mwaka wa chama cha wagonjwa wa CML: dawa zimefika, vipimo bado

Taarifa za mwaka za vyama vya wagonjwa wa saratani huandikwa zaidi kwa ajili ya wafadhili, na mgonjwa mwenyewe akizipitia huishia kutafuta sura yake katika picha za siku ya matembezi. Taarifa ninayoihakiki hapa ni ya aina nyingine. Imeeleza yaliyoshindikana bila kuyafunika, imezipitia ahadi za mwaka uliotangulia moja baada ya nyingine na kusema zimefikia wapi, na imeambatanishwa na mpango kazi wa mwaka ujao ambao mwanachama wa kawaida anaweza kuushika mkononi na kuwahoji viongozi. Ni taarifa ya chama cha wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu ambayo sisi tulio nayo tumezoea kuiita kwa herufi zake tatu za Kiingereza, CML. Jina la chama silitaji kwa makusudi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huwapata takriban mtu mmoja hadi wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na katika kundi dogo namna hiyo anayekitaja chama amekaribia kuwataja wanachama wake.

Nimeisoma taarifa yote, nimehudhuria mkutano mkuu ilipojadiliwa, na ninazitumia huduma za chama kama mgonjwa asiye na cheo chochote katika uongozi. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba huduma kwa wagonjwa wapya ni bora kuliko nilivyotarajia, kazi ya kulinda upatikanaji wa dawa imefanywa kwa bidii na kwa akili, lakini suala la vipimo limeachwa nyuma kiasi cha kutia shaka thamani ya mafanikio mengine, na malengo ya mwaka ujao hayaonyeshi kwamba uongozi umeliona pengo hilo kwa ukubwa wake.

Ili uzito wa maoni hayo ueleweke, ni lazima kwanza ifahamike matibabu ya CML yametoka wapi. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, watafiti wa Philadelphia nchini Marekani, waligundua kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa CML. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ufupi huo unatokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Kutokana na mabadilishano hayo hutokea jeni iitwayo BCR-ABL, na jeni hiyo hutengeneza protini inayozichochea seli nyeupe za damu kuongezeka bila kikomo. Imatinib, kidonge kinachoizuia protini hiyo kufanya kazi, kiliidhinishwa nchini Marekani Mei 2001, na katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanza nacho, asilimia 83 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 10. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakihesabiwa miaka michache tu, isipokuwa waliobahatika kupata mtu wa kuwapa uboho unaolingana na wao na kunusurika na ugumu wa upandikizaji wenyewe.

Mafanikio hayo yana masharti yake. Mgonjwa wa CML hafanyiwi upasuaji akapona akasahau, bali humeza dawa kila siku, pengine kwa miongo kadhaa, na katika muda wote huo damu yake hupaswa kupimwa mara kwa mara ili ijulikane kama dawa bado inaufikia ugonjwa. Kwa hiyo chama cha wagonjwa wa CML hakiwezi kupimwa kwa kampeni moja iliyofana au kwa idadi ya fulana zilizogawiwa, kwa sababu wanachama wake wanakihitaji mwaka wa kumi kama walivyokihitaji mwaka wa kwanza, na kwa mambo tofauti kabisa.

Nianze na huduma ya simu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora kuliko zote zilizoelezwa katika taarifa, ingawa imepewa nusu ukurasa tu. Wanaopokea simu ni wagonjwa wa kujitolea waliopewa mafunzo, na mwaka huu chama kiliwaruhusu wanachama wengine kuhudhuria sehemu ya mafunzo hayo. Nilichokiona huko kilinishawishi. Mpokeaji hufundishwa kuanza kwa kuuliza daktari amesema nini, kabla ya kusema lolote la kwake. Hufundishwa kutotafsiri majibu ya maabara, kutolinganisha dozi, na kutomwambia mtu abadili dawa kwa sababu yeye mwenyewe alibadili akapata nafuu. Badala yake humsaidia anayepiga simu kupanga maswali atakayokwenda nayo kliniki: niko katika hatua gani ya ugonjwa, nitatumia dawa ipi na kwa nini hiyo, kipimo kijacho ni lini, na nikipata madhara nimwone nani kabla ya kuamua kuacha dawa.

Swali la hatua ya ugonjwa ndilo linalowaogopesha wengi, na hapo wapokeaji simu wanafanya kazi ambayo kliniki zenye foleni ndefu hazina nafasi ya kuifanya. "Dada, tuanze taratibu. Daktari alitumia neno gani hasa?" ndilo sentensi niliyoisikia ikirudiwa katika mazoezi, na ni sentensi nzuri, kwa sababu mtu aliyeambiwa jana kwamba ana saratani ya damu huwa amesikia neno hilo moja tu na kuyapoteza yote yaliyofuata. Anapoelezwa kwamba wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa katika hatua sugu, ambayo ndiyo huitikia dawa vizuri zaidi, na kwamba hatua ya mlipuko, ambapo ugonjwa hugeuka kuwa mkali, ni jambo ambalo matibabu yote yanalenga kulizuia, huanza kusikia tena. Baadhi ya wanaopiga simu hawakuwa na dalili yoyote na ugonjwa wao ulionekana kwa bahati katika kipimo cha kawaida cha damu, wakati wengine walikuja hospitali na uchovu, jasho la usiku na wengu uliovimba hadi tumbo kuonekana. Makundi hayo mawili yanahitaji maneno tofauti, na mafunzo yanalizingatia hilo.

Kasoro ya huduma hii ni ya saa. Simu hupokelewa mchana wa siku za kazi, ilhali wenye hofu huzidiwa usiku, na wanaofanya kazi hawapati faragha ya kuzungumzia ugonjwa wao wakiwa kazini. Taarifa imelikiri tatizo hilo na mpango kazi umeahidi zamu za jioni, jambo ambalo nalichukulia kama ishara kwamba malalamiko ya wanachama yanasomwa. Ambalo halijaahidiwa ni kumpigia tena mgonjwa mpya baada ya wiki kadhaa kujua kama alianza dawa. Taarifa inahesabu simu zilizopokelewa, na hesabu hiyo imepanda, lakini idadi ya simu haituambii ni wangapi kati ya waliopiga wako kwenye matibabu sasa.

Upande wa dawa, chama kimefanya jambo rahisi lililoleta matokeo makubwa. Mwanachama anayefika duka la dawa la hospitali akapewa vidonge pungufu ya vilivyoandikwa na daktari, au akaambiwa arudi siku nyingine, hutuma ujumbe mfupi kwa namba ya chama akitaja jina la dawa, kliniki, idadi aliyoandikiwa na idadi aliyopewa. Katibu hukusanya ujumbe hizo kila wiki na kuzipeleka kwa wahusika wa ugavi zikiwa katika jedwali moja, bila majina ya wagonjwa. Kwa miaka mingi malalamiko ya upungufu yalikuwa yakifika kama vilio vya mtu mmoja mmoja na kujibiwa kwamba ni tukio la bahati mbaya. Jedwali lilipoonyesha kwamba upungufu unatokea katika kliniki zilezile na karibu na mwisho wa kila robo mwaka, ikawa vigumu kuendelea kuuita bahati mbaya, na taarifa inaeleza kwamba ratiba ya kuagiza imesogezwa mbele. Sikumbuki utetezi wowote wa chama hiki uliozaa mabadiliko ya wazi namna hiyo.

Umuhimu wake unaonekana vizuri zaidi ukiutazama kwa jicho la utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinib nchini Uingereza, ambao ufuasi wao wa dawa ulipimwa kwa kifaa cha kielektroniki kilichowekwa kwenye kifuniko cha chupa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 94 wa kufikia mwitikio mkubwa wa kimolekuli, yaani BCR-ABL kushuka hadi kiwango kidogo sana katika damu, ndani ya miaka sita, na waliomeza asilimia 90 au pungufu walikuwa na uwezekano wa asilimia 28 tu. Asilimia 10 ya mwezi wenye siku 30 ni dozi tatu. Mgonjwa anayerudishwa nyumbani bila dawa kwa wiki moja amekwisha kuuvuka mpaka huo bila kosa lake, na hakuna semina ya ufuasi wa dawa inayoweza kufidia kabati tupu. Kwa sababu hiyo ninakubaliana na uamuzi wa chama wa kupunguza semina za ufuasi na kuelekeza nguvu kwenye ugavi, ingawa wajumbe kadhaa waliulalamikia mkutanoni.

Kuhusu dawa za jenereki, yaani nakala za dawa ya asili zinazotengenezwa na kampuni nyingine, msimamo wa chama umekomaa. Miaka iliyopita vyama vya wagonjwa katika nchi mbalimbali vilivutana sana juu ya suala hili, hasa baada ya Mahakama ya Juu ya India, Aprili 2013, kukataa kutoa hataza kwa muundo wa imatinib uliokuwa ukiombewa na Novartis, kampuni iliyoitoa dawa hiyo, uamuzi ulioimarisha nafasi ya watengenezaji wa dawa za bei nafuu. Chama chetu hakizipingi jenereki wala hakizisifu. Kinadai mambo yanayoweza kuthibitishwa: dawa iwe imeidhinishwa na mamlaka ya udhibiti, mgonjwa aarifiwe kabla ya kubadilishiwa, asirushwe kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine kila anapokwenda kuchukua dawa, na apimwe baada ya kubadilishiwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza imatinib katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2017 likaongeza dasatinib na nilotinib, dawa nyingine za CML, kwa hiyo chama kina msingi imara wa kudai kwamba mgonjwa ambaye imatinib imemshinda apewe dawa nyingine bila kulazimika kuomba kama anayeomba fadhila.

Hapo ndipo tunapofika kwenye vipimo, na ndipo ninapotofautiana na uongozi. Utajuaje kwamba imatinib imemshinda mtu? Hesabu ya kawaida ya damu haitoshi, kwa kuwa seli nyeupe zinaweza kuonekana ziko sawa huku kiwango cha BCR-ABL kikipanda taratibu. Kinachotakiwa ni kipimo cha PCR, ambacho hupima kiwango cha jeni hiyo na kukitaja kwa skeli ya kimataifa, ili majibu ya maabara moja yalingane na ya nyingine. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya, ambao hutumiwa sehemu nyingi duniani, unatazamia kiwango kisizidi asilimia 10 baada ya miezi 3, asilimia 1 baada ya miezi 6, na asilimia 0.1 baada ya miezi 12, na kipimo kurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi hali itulie. Asiyefikia viwango hivyo huchunguzwa kama anazimeza dawa ipasavyo, na kama anazimeza, hutafutwa mabadiliko ya jeni yanayoufanya ugonjwa uwe sugu dhidi ya dawa. Moja ya mabadiliko hayo, liitwalo T315I, huifanya imatinib, dasatinib, nilotinib na bosutinib zisifue dafu, na mgonjwa mwenye nalo huhitaji dawa kama ponatinib au asciminib. Bila kipimo, mtu huyo ataendelea kumeza vidonge visivyomsaidia kwa uaminifu mkubwa, na ataonekana katika takwimu za chama kama mafanikio.

Nimeitafuta katika taarifa nzima hesabu moja tu: ni wanachama wangapi waliopimwa PCR angalau mara moja katika mwaka huu. Haimo. Zimo chupa za dawa zilizotolewa, simu, vipeperushi, vikao na maofisa wa afya, mahojiano ya redioni na hata idadi ya viti vilivyokodiwa kwa ajili ya mkutano mkuu. Sura ya vipimo ina aya mbili zinazosema kwamba chama "kinaendelea kuhamasisha upatikanaji wa vipimo", maneno ambayo, nikirejea taarifa ya mwaka uliotangulia, yamo vilevile bila kubadilishwa hata nukta.

Nilipouliza mkutanoni, Mwenyekiti alijibu kwa upole kwamba kumbukumbu za vipimo ni mali ya hospitali na chama hakina mamlaka ya kuzidai. Ninamheshimu, na ninajua ameubeba mzigo huu kwa muda mrefu bila malipo, lakini jibu hilo halitoshelezi. Kumbukumbu za dawa nazo ni mali ya hospitali, na bado chama kilipata njia ya kuzihesabu kupitia ujumbe wa wanachama wenyewe. Njia ileile inaweza kutumika hapa. Mwanachama atume tarehe ya kipimo chake cha mwisho, na kama ameandikiwa kipimo akakosa, atume sababu aliyoambiwa: vitendanishi vimekwisha, mashine imeharibika, sampuli inapelekwa mbali, au gharama imemshinda. Baada ya robo mwaka mmoja chama kingekuwa na jedwali lenye uzito kama lile la dawa, na pengine zaidi, kwa sababu kukosa dawa mgonjwa hukuona mara moja, na kukosa kipimo hukuzoea.

Hoja kwamba vipimo hivi ni vya maabara kubwa tu imepungua nguvu. Mashine za GeneXpert, ambazo zilisambazwa sana baada ya Shirika la Afya Duniani kuziidhinisha mwaka 2010 kwa ajili ya kifua kikuu, zina katriji ya kupimia BCR-ABL, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Palipo na mashine, kinachokosekana ni katriji, mtaalamu aliyeelekezwa namna ya kuitumia, na mtu wa kuuliza kwa nini haipo. Kazi ya kuuliza ndiyo kazi ya chama cha utetezi. Sisemi kwamba katriji hiyo inamaliza kila tatizo, kwa kuwa uchunguzi wa mabadiliko ya jeni bado unahitaji maabara yenye uwezo zaidi, lakini kujua tu kwamba kiwango kinapanda kungewaokoa baadhi yetu kabla ugonjwa haujafika hatua ya mlipuko.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi katika lengo ambalo uongozi unajivunia kuliko yote, la kuwasaidia wanachama kuacha dawa. Ni lengo linalovutia, na lina msingi wa kisayansi. Utafiti wa Ufaransa uitwao STIM, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2010, uliwahusisha wagonjwa 100 walioacha imatinib baada ya ugonjwa kutoonekana katika vipimo kwa angalau miaka miwili, na takriban wanne kati ya kumi wa waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja waliendelea vizuri bila dawa. Utafiti mkubwa zaidi wa Ulaya, EURO-SKI, wenye wagonjwa zaidi ya 700, ulikuta karibu nusu bado hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka miwili. Wengi wa waliorudiwa, ugonjwa ulirudi katika miezi sita ya mwanzo, na karibu wote waliitikia tena waliporudi kwenye dawa. Lakini waliitikia kwa sababu waligunduliwa mapema, na waligunduliwa mapema kwa sababu walikuwa wakipimwa PCR kila mwezi katika kipindi hicho. Kumhamasisha mgonjwa aache dawa mahali ambapo hawezi kupata kipimo hata mara mbili kwa mwaka ni hatari, na ningependa lengo hilo lisimamishwe kwa maandishi hadi vipimo vipatikane. Kuna wanachama waliokwisha kuanza kuliongelea kana kwamba ni ruhusa.

Haimaanishi kwamba mada yenyewe ifichwe. Kipeperushi kilichotolewa mwaka huu kinaeleza vizuri nani anafaa kujaribu na nani hafai, na kinataja jambo ambalo madaktari wengine husahau kuwaambia wagonjwa, yaani kwamba baadhi ya wanaoacha dawa hupata maumivu ya misuli na viungo kwa wiki au miezi, na kwamba maumivu hayo si dalili ya saratani kurudi. Kazi nzuri nyingine ya machapisho ni mwongozo kuhusu ujauzito, ambao unasema bila kuzungukazunguka kwamba imatinib na dawa za jamii yake zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, na kwamba mwanamke anayetaka kuzaa azungumze na daktari wake kabla ya kushika mimba badala ya kuacha dawa kimyakimya. Mwongozo huo uliandikwa na wanawake wanachama wakishirikiana na wataalamu, na unasomeka hivyo.

Siku ya Kimataifa ya CML, tarehe 22 Septemba, iliyochaguliwa kwa ajili ya zile kromosomu mbili za 9 na 22, iliadhimishwa kwa matembezi na hotuba. Sina la kuongeza.

Fedha zinastahili maneno zaidi. Chama kimeorodhesha wafadhili wake wote, zikiwemo kampuni za dawa, na kimechapisha kanuni kwamba mfadhili hachagui mtoa mada wala hapitii machapisho kabla hayajatoka. Hilo ni zuri, na vyama vingi havifanyi hivyo. Hata hivyo, orodha haionyeshi kila mfadhili ametoa sehemu gani ya bajeti, na pasipo kujua hilo haiwezekani kupima ni kwa kiasi gani chama kingetikisika mmoja wao akijiondoa. Ninamshauri mweka hazina aweke asilimia mwakani. Nina shaka nyingine ambayo siwezi kuithibitisha, lakini nitaisema: fedha za kampuni za dawa hupatikana kwa urahisi zaidi kwa shughuli zinazohusu dawa kuliko kwa shughuli zinazohusu vipimo, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya sura ya vipimo kubaki na aya mbili. Hakuna anayehitaji kuwa na nia mbaya ili hilo litokee.

Kuhusu mpango kazi kwa jumla, ubora wa malengo haulingani. Lengo la zamu za jioni za simu lina tarehe ya kuanza na jina la msimamizi. Lengo la kueneza mfumo wa ujumbe katika kliniki zote lina kiwango cha kupimia, kwa maana limesema upungufu wowote ulioripotiwa uwe umejibiwa ndani ya siku saba. Lengo la kupata mjumbe katika kamati inayopitia orodha ya dawa muhimu ni gumu, lakini liko wazi, na mwisho wa mwaka tutajua limefikiwa au halijafikiwa. Kisha yanafuata malengo ya "kuongeza uelewa wa jamii" na "kuimarisha ushirikiano na wadau", ambayo hayawezi kushindikana kwa kuwa hayajasema yatafanikiwa vipi. Uongozi ungeweza kujifunza kutoka kwa mpango wa kimataifa wa saratani ya matiti ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ambao umejifunga kwa namba zinazoeleweka na kila mtu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Kwa CML namba moja ingetosha kuanzia, nayo ni sehemu ya wanachama waliopata angalau vipimo viwili vya PCR ndani ya miezi 12.

Nikilazimika kutoa alama, nitakipa chama nyota nne kati ya tano kwa huduma zake na nyota tatu kwa mpango wake wa mwaka ujao. Mgonjwa aliyegunduliwa karibuni ajiunge bila kusita, na apige simu kabla hajaanza kusoma habari za ugonjwa huu mahali pengine. Mgonjwa aliyezoea dawa na kuona kwamba chama hakina jipya la kumpa ajiunge pia, kwa sababu ujumbe wake mmoja wa upungufu wa dawa una uzito sawa na wa mgeni, na kwa sababu mjadala wa vipimo unahitaji wanachama wanaokumbuka walivyopimwa miaka ya nyuma na wanaoweza kulinganisha.

Nimewasilisha kwa katibu pendekezo la maandishi kwamba mfumo wa ujumbe uongezewe taarifa za vipimo kuanzia robo ya kwanza ya mwaka, na amelipokea ili lipelekwe kwenye kikao cha kamati tendaji. Nimemwonyesha pia fomu ya uanachama, ambayo inauliza jina la dawa, dozi, mwaka wa kuanza dawa na kliniki, lakini haina mstari wa tarehe ya kipimo cha mwisho wala majibu yake. Fomu mpya haitachapishwa hadi zilizopo ziishe, kwa hiyo kwa sasa anayejiunga anaruhusiwa kuyaandika hayo pembeni, chini ya jina la kliniki, na katibu amekubali kuyaingiza kwenye rejesta.